Nyasi Zangu na Zulia la Bwana Pargeter

Jumatano, 1 Aprili

Siku mbaya. Mbaya sana! Leo nimemshika adui yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na kumbe ni laini.

Bwana Pargeter, mwenye klabu, muuza magodoro, alituita wafanyakazi wote kwenye chumba cha wageni wa heshima. Chai ya bure. Biskuti za chokoleti. Hapo hapo nikajua kuna msiba. Akasema hali ndiyo hii: zimebaki mechi nne, sisi ni wa tatu kutoka mkiani, na wawili wa mwisho wanashuka. Tukishuka tunatoka kwenye Ligi kabisa, tunakwenda kucheza huko chini na wauza nyama na mafundi bomba. Anatuombea heri. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha zulia la kijani.

Nyasi za plastiki!

Akasema huku kwenye Ligi sheria inataka nyasi za kweli, ila huko chini plastiki ruksa. Kwa hiyo tukishuka tu, atatandika uwanja mzima na kuukodisha asubuhi hadi jioni, shule, makampuni, kina mama wa mazoezi. Zulia halikatwi, akasema. Halimwagiliwi. Halihitaji mtu. Aliposema "mtu" aliniangalia mimi.

Mimi, Desmond Ormerod! Mtunza uwanja wa Brackenshaw Town tangu nikiwa na nywele! Nilipokuja hapa upande wa Reli, ule wa njia ya treni, ulikuwa kokoto tupu. Kila jani lililopo pale nimelipanda mimi, nalijua.

Clive Tattersall akaomba akishike kile kipande. Huyu ni mwalimu wa makipa, na ndiye adui yangu wa kudumu. Kila siku anawagaragaza makipa wake ndani ya lango langu, mahali palepale, mpaka nyasi zimehama. Nimemwambia mara ngapi atumie kiwanja cha nyuma? Ananiita Bwana Majani mbele za watu. Leo amekipapasa kile kipande na kusema, ebo, hiki kizuri, hakina hata kelele za Bwana Majani. Watu wakacheka. Na biskuti zangu mdomoni.

Kikao kilipoisha nikakichukua, nikakipeleka kibandani nimwonyeshe mke wangu. Lorraine anauza pai na chai kwenye kibanda cha uwanjani, na kusema kweli anaijua klabu kuliko Pargeter. Alikitazama mbele na nyuma, akakitupa mlangoni, akafutia viatu. Akasema kinafaa.

Nimeamua. Wachezaji siwaamini. Kocha Mulvaney simwamini hata kidogo. Nyasi zangu nitaziokoa mwenyewe.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimepata! Nashangaa kichwa changu chenyewe.

Sisi Brackenshaw tuna desturi yetu. Kipindi cha pili tunashambulia upande wa Kanisani, ambako mashabiki wetu husimama na kuimba. Babu zetu walifanya hivyo, baba zetu wakafanya hivyo, kila mtu anajua. Maana yake ni nini? Maana yake wageni, kipindi cha pili, wanashambulia upande wa Reli. Basi nimemwagilia upande wa Reli. Wa Reli tu. Kutwa. Kipindi cha kwanza ganda la juu litahimili, kila kitu sawa. Kipindi cha pili, likishakanyagwa, uji! Washambuliaji wao watabaki wanatafuta viatu.

Kocha Mulvaney akapita akauliza mbona huku kunang'aa. Nikamwambia umande. Ilikuwa saa nane mchana. Akasema ahaa, akaenda zake. Ndiyo maana sisi ni wa tatu kutoka mkiani.

Jumamosi, 11 Aprili

Laana!

Nahodha wao, jitu moja lenye ndevu, akashinda kurusha sarafu. Kawaida mtu akishinda anachagua, wanapeana mikono, yameisha. Huyu akatembea mpaka upande wa Reli. Akapiga buti chini. Chwaa! Akapiga tena. Chwaa! Akarudi akamwambia refa wanageuza magoli, tubadilishane pande. Wanageuza! Upande wa Kanisani wakamzomea mpaka sauti zikakauka, maana kwetu kugeuzwa magoli ni sawa na mgeni kuja kwako na kukaa kwenye kiti cha baba. Nikakaa juu ya kitoroli cha chokaa, kile cha kuchorea mistari.

Kwa hiyo kipindi cha pili, sisi ndio tukashambulia kwenye uji.

Jermaine Opoku ndiye mshambuliaji wetu. Bila Opoku sisi ni kundi la watu waliovaa jezi zinazofanana. Akapata kadi ya njano kwa kumwuliza refa kama amekuja na mtumbwi. Watu wakacheka, mimi sikucheka. Kisha, bado bila kwa bila, Opoku akawatoka mabeki wote. Akaingia eneo la hatari peke yake. Kipa wao ametoka, lango liko wazi, uwanja mzima umesimama, nami nimesimama juu ya kitoroli. Mguu ukazama! Akaanguka chini peke yake, hakuna aliyemgusa, hakuna hata aliyekuwa karibu. Refa akaja mbio akipuliza kipyenga. Akasema anajiangusha kutafuta penalti. Njano ya pili. Nyekundu!

Opoku aliondoka na kiatu kimoja. Cha pili nimekichimbua baadaye kwa koleo.

Tukafungwa dakika za mwisho, moja bila. Tarnbeck Athletic, walio chini yetu, wameshinda. Sasa tuko nao sawa kwa pointi, na tunawazidi kwa mabao tu.

Clive akanifuata akiwa na kikombe chake cha chai. Akauliza kwa upole imekuwaje mvua imenyesha nusu uwanja. Nikamwambia bomba limepasuka. Akasema bomba hilo lina akili sana, limepasuka likakomea mstari wa kati.

Jumanne, 14 Aprili

Opoku amefungiwa, Jumamosi hii hachezi. Na Jumamosi hii tuko nyumbani tena. Kocha Mulvaney ananyoa ndevu kila baada ya saa moja, uso umekuwa mwekundu.

Nimekaa kwenye banda langu la mashine na kufikiri. Jumamosi Opoku hachezi. Sawa. Sasa, kama Jumamosi hakuna mechi? Ikiahirishwa, itachezwa siku nyingine, na siku hiyo Opoku yupo!

Ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyelifikiria hili. Kocha wetu ana vyeti vinne ukutani.

Ijumaa, 17 Aprili

Kazi imekwisha.

Timu ilikwenda kufanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule. Nikafungua mabomba yote toka asubuhi. Na kwa kuwa uwanja wangu unakunywa maji vizuri (nimeufundisha mwenyewe), nikaziba mtaro wa kona ya Reli kwa gunia. Uchungu niliousikia! Niliuomba uwanja radhi kwa sauti. Baada ya chakula cha mchana mvua nayo ikaanza. Mvua ya kweli! Nikaona hata mbingu ziko upande wangu. Kufikia saa kumi bata wawili walikuwa wameshatua katikati ya uwanja.

Nikampigia simu katibu wa klabu, nikamwambia kwa sauti ya kuvunjika kwamba nimejitahidi ila nimeshindwa. Refa atakuja kesho asubuhi kukagua. Akikagua tu, kwisha.

Nyumbani nikaendelea na uigizaji, maana Lorraine ana macho. Ijumaa kwetu ni samaki na chipsi. Nikala samaki, chipsi nikazisukuma kando. Nikavuta pumzi ndefu. Nikasema masikini mashabiki, masikini uwanja wangu. Lorraine akanitazama sana. Akasema tangu mazishi ya mama yangu hajawahi kuniona nikibakiza chipsi. Akachukua simu yake, akaenda nayo jikoni.

Nadhani nimeigiza vizuri mno.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeigiza vizuri mno!

Nimefika uwanjani na uso wa msiba. Nje ya geti, foleni. Nikadhani wamekuja kudai kurudishiwa tiketi. Nikasogea. Wameshika uma za bustani! Mafagio! Ndoo! Mchungaji wa lile kanisa la jirani ameshika sifongo la kuogea. Bibi Edna, ambaye amesimama mahali pamoja upande wa Kanisani tangu mumewe akiwa hai, amekuja na fimbo mkono huu na fagio la jikoni mkono huu. Na juu ya kreti la soda, Lorraine, mke wangu wa ndoa, anatoa amri. Jana alimpigia mmoja, huyo akampigia mwingine, mpaka redio ya mji ikatangaza: Des Ormerod amekata tamaa, hajamaliza chipsi zake, twendeni tukamsaidie.

Waliponiona wakanipigia makofi. Ningefanya nini? Nikachukua uma.

Walichoma ardhi, wakatikisa uma, wakasogea. Wakafagia maji kuelekea kando. Wakakamua sifongo kwenye ndoo. Mimi nikajaribu kuwaongoza, nikiwapeleka mahali pakavu, nikisema hapa, jamani, hapa ndipo penye hatari. Bibi Edna akagonga chini kwa fimbo na kuniuliza, mwanangu, hapa ni pakavu kama mkate wa juzi, umepima macho lini?

Halafu nikasikia Clive. Yuko kona ya Reli, amepiga magoti, mkono mzima ndani ya mtaro. Akavuta. Akavuta tena. Likatoka gunia, na maji yote yakashuka kwa kelele moja kubwa ya koo. Akaliinua juu watu walione. Gunia la mchanga wetu. Clive akageuka taratibu kunitazama, na akaanza kufungua mdomo.

Nikapaza sauti kabla yake: "Tarnbeck! Washenzi wa Tarnbeck wamekuja kutuziba mtaro!"

Ikawa moto. Walikuwa wakifanya kazi kama watu, sasa wakafanya kama waliotukaniwa mama zao. Mchungaji alitamka neno ambalo sikujua analijua. Refa alipofika hapakuwa na dimbwi hata moja, ni matundu ya uma tu na watu waliolowa wanahema. Akatembea katikati. Akainua mpira juu ya kichwa, akauachia. Wote tuliutazama ule mpira, kila mtu na dua yake.

Ukadunda.

Mechi ikachezwa. Tukashinda moja bila! Bao la Stubbs, beki wetu wa kati, alikuwa amegeuka kumlalamikia mshika kibendera, mpira ukampiga mgongoni ukaingia. Bila Opoku!

Jioni Clive akaja bandani kwangu, hajakaribishwa. Akaketi juu ya mashine. Akasema hana ushahidi, kwa hiyo hataki kuzungumzia magunia. Ana jambo dogo tu la kunielimisha. Akaeleza polepole, kama anavyoeleza kipa wa akiba. Kufungiwa huhesabiwa kwa mechi, Mzee Des, si kwa tarehe. Ingeahirishwa ya leo, Opoku angekosa inayofuata, ya ugenini, ile ngumu. Sasa ameshatumikia adhabu yake, yuko huru. Miaka yote hiyo kwenye mpira, akasema, ulikuwa hujui?

Nikamwambia nilijua. Kwa kweli miaka yote hii kwenye mpira nimekuwa nikitazama chini.

Jumamosi, 25 Aprili

Ugenini. Mimi hubaki. Nimesikiliza kwenye redio ya banda huku nikijaza yale matundu ya uma, moja moja, kwa mchanga na mbegu. Hayaishi! Watu wa mji huu wana upendo mzito sana.

Opoku kafunga. Wakasawazisha. Opoku kafunga tena! Niliibusu mashine ya kukata nyasi. Ikaisha mbili moja. Nikasubiri habari za Tarnbeck, nikiuma kofia. Nao wameshinda.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Jumamosi ijayo, mechi ya mwisho, nyumbani. Wanaokuja ni nani? Tarnbeck! Sare, tumebaki. Tukifungwa, tumeshuka, wao wamebaki, na zulia linatandikwa. Hakuna hesabu nyingine.

Lorraine amepika keki na haikuumuka. Hata yeye.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimemwapia Lorraine. Alianza mwenyewe, tukiwa mezani. Hakutaja gunia. Alisema tu kwamba safari hii niwaachie wachezaji wacheze, basi. Nikaapa kwa mashine yangu. Na nilikuwa na nia safi, safi kabisa, mpaka saa tano asubuhi.

Saa tano nikawakuta watu wawili uwanjani na futi ya kamba. Viatu vya ofisini! Wametumwa na Pargeter kupima, ili Jumatatu wasipoteze muda. Mmoja akachomeka kigingi katikati ya nukta yangu ya penalti upande wa Kanisani. Katikati yake! Akasema usijali, mzee wangu, si inang'olewa yote. Nikakichomoa kigingi. Nikakaa pale chini nimefunika tundu kwa kiganja.

Kiapo hicho nilikiapa kabla ya kigingi. Mambo yamebadilika.

Shida ni Clive. Ameleta kiti cha kukunja na chupa ya chai, anakaa upande wa Reli siku nzima, macho kwangu. Ananipungia mkono. Vizuri, akae huko! Maana nimejifunza. Ligi nzima sasa inajua kwamba Brackenshaw ukiwageuza magoli wanachanganyikiwa. Tarnbeck watageuza, lazima. Wakigeuza, kipindi cha pili watashambulia upande wa Kanisani. Na upande wa Kanisani hauna mlinzi.

Ijumaa, 1 Mei

Mvua haijanyesha wiki nzima, kwa hiyo maji yoyote yangenifichua, na Clive angeuona mpira wa kumwagilia. Nimetumia kitoroli cha chokaa. Nimekijaza maji! Nimepita eneo la hatari la Kanisani kwenda na kurudi, nikichora mistari isiyoonekana. Clive kule mbali akanyanyua kikombe chake kunipongeza kwa bidii. Penye nukta ya penalti nimepita mara nyingi zaidi, kwa ajili ya kigingi. Juu nimetawanya nyasi kavu zilizokatwa. Huwezi kujua. Hata mimi nikisimama kando sijui.

Chakula cha jioni nimemaliza chipsi zote. Nikaongeza na za Lorraine.

Jumamosi, 2 Mei

Naandika kwa kalamu ya chokaa, kalamu yangu imepotea mahali fulani kwenye ule umati. Nitaandika kwa utaratibu.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya paa la choo. Nahodha wa Tarnbeck akashinda sarafu. Nikafumba macho. Nikasikia mazomeo. Wamegeuza! Nilitaka kumkumbatia mtu, aliyekuwa karibu ni Clive, nikaacha.

Kipindi cha kwanza, bila kwa bila. Kocha Mulvaney alitafuna kamba ya filimbi yake yote. Pargeter yuko jukwaani na mmoja wa wale wenye viatu vya ofisini, wanakula pai za mke wangu.

Kipindi cha pili Tarnbeck wakaja upande wa Kanisani, kwenye uji wangu. Na hapo nikaona jambo ambalo sijui kwa nini sikuliona mapema. Washambuliaji wao wako pale, ndiyo. Lakini na mabeki wetu wako pale. Na kipa wetu! Amesimama mule mule muda wote, masikini!

Mpira mwepesi, wa kuokota tu. Kipa wetu akapiga hatua moja, miguu ikaenda Reli, mwili ukabaki Kanisani. Bao! Clive alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akateremsha mikono, akainama, akagusa nyasi pembeni ya mstari, akatazama vidole vyake. Akanitazama. Nikajitia nakagua nguzo ya kona.

Moja bila. Tumeshuka. Nilitazama nyasi zangu, zile za katikati, nzuri, zinazosimama zote upande mmoja, nikaona zimekwisha. Sikuona haya, nililia. Bibi Edna akanipa leso bila kuuliza.

Opoku! Dakika zinaelekea kuisha, upande wa Reli, upande mkavu, shukrani kwa ulinzi wa Clive. Kona. Opoku akapaa. Kichwa! Moja moja! Tumebaki! Mchungaji alinibeba juu.

Hapo ndipo refa akaonyesha dakika za nyongeza. Tarnbeck wakaja wote, hata kipa wao. Mpira ukaingia eneo letu. Stubbs akaenda kuuondoa. Mguu ukateleza, akamchota mtu wao mzima mzima. Kipyenga.

Penalti.

Sijui niandikeje. Uwanja ulinyamaza, ukasikika mlango wa choo ukibamizwa. Anayepiga ni yule nahodha, na hajakosa mwaka mzima. Akaweka mpira kwenye nukta. Nukta yangu! Mpira ukazama kidogo. Akautoa, akauweka tena. Ukazama tena. Akamtazama refa, refa akatazama saa. Nimepiga magoti nyuma ya lango, nimeshika wavu. Clive yuko pembeni yangu, sijui alifika saa ngapi, amenishika bega na ananiumiza. Akaninong'oneza sikioni: "Des, nijibu sasa hivi. Pale umetia kiasi gani?"

Nikamwambia kingi.

Akaja mbio. Mguu wa kusimamia ukaingia mpaka kwenye soksi. Mpira ukaenda juu. Juu ya lango, juu ya mashabiki, juu ya paa la Kanisa. Na yeye akabaki amekaa kwenye matope, anauangalia ukienda.

Kipyenga cha mwisho! Tumebaki! Clive Tattersall alinibusu kwenye upara. Sitaki hilo lirudiwe.

Kisha uzio ukaanguka na watu wote wakaingia.

Jumapili, 3 Mei

Sina nyasi.

Nimesimama katikati asubuhi hii, nimezunguka, sina. Waliingia kwa furaha, wakacheza, wakalia, wakagalagala, halafu mmoja akang'oa kipande cha kumbukumbu. Basi! Wakang'oa wote. Kwa mikono, kwa funguo za magari, kwa visu vya pai. Zimeondoka kwenye kofia, kwenye mifuko, kwenye kigari cha mtoto, mtoto kabebwa begani. Bibi Edna ameondoka na kona nzima. Zile uma za bustani za juzi, nakumbuka kuziona tena. Pargeter na futi yake asingeweza kuharibu hivi kwa mwezi.

Pargeter alikuja akasimama kando yangu. Nikajua ameshapata sababu ya kutandika zulia lake. Akasema kwa uchungu kwamba sheria ni sheria, tuko kwenye Ligi, nyasi za kweli lazima, itabidi anunue zote upya na mimi nitahitajika kiangazi chote, kila siku. Akaomba arudishiwe kile kipande chake cha zulia. Lorraine alikitoa mlangoni pa kibanda, na matope ya mji mzima, akampa ndani ya mfuko wa pai.

Clive naye alipita. Amesema kipa wake ana mgongo uliotenguka, na kuanzia Julai atakuwa anamfanyisha mazoezi lango la Kanisani, kila siku, mahali palepale. Nikamwambia atapita juu ya maiti yangu. Akasema vizuri, Bwana Majani, tuonane Julai. Tulipeana mikono kwa nguvu kidogo.

Nimerudi nyumbani, nimeingia uani. Karibu na kamba ya nguo, kwenye kabustani ketu, nimeikuta. Nukta ya penalti! Mduara mzima, chokaa bado nyeupe, imepandwa vizuri na kushindiliwa. Lorraine alikuwa anajifuta mikono kwenye aproni. Alimtuma Stubbs aichimbe kabla watu hawajaifikia. Amesema alijua ndiyo ningeitaka.

Kisha akasema jambo jingine. Alisema aliibeba kwenye trei ya pai, na njia nzima ilikuwa inachuruzika maji, kalowa mpaka viatuni. Na mvua mara ya mwisho ilinyesha lini? Akasema, "Desmond." Akisema jina zima najua. Nikaitazama nukta. Akasema haniulizi, maana akiniuliza atajua, na akijua atayatapika yote kwenye sherehe ya Krismasi akishakunywa viglasi viwili. Anachotaka ni kiapo kimoja tu. Msimu ujao, maji, hata tone, nisimwage kwa hila.

Nimepiga magoti pale pale, mkono juu ya nukta, nimeapa. Safari hii nimeapa kwa moyo wote, na nitakitimiza kiapo, mimi ni mtu wa neno langu. Maji nimeacha kabisa.

Mchanga hakuutaja.